Pembe Imo Katika Matengenezo

Koro, koro, koro, kisha kimya. Naomba sauti hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu rasmi za kikao hiki kabla sijamtaja mtu yeyote kwa cheo chake, kwa sababu nimeishi nayo tangu mavuno ya mwaka jana: sauti ya pembe ya Babu ya kunywea ikibingirika juu ya meza hii hii, ikiwa imejaa mvinyo, ikagonga sahani ya jibini, ikagonga chupa, ikatulia.

Baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Baba Mkubwa Anzor, mwenyekiti wa kudumu wa meza hii na wa meza nyingine nyingi ambazo hukualikwa. Mheshimiwa Mama, waziri wa fedha, chakula na mambo ya ndani. Mheshimiwa kaka yangu Rezo, bwana harusi mtarajiwa, ambaye Jumapili ijayo atafutwa kwenye orodha ya watu huru. Mheshimiwa jirani yetu Gela, mwakilishi wa upande wa pili wa ukuta. Waheshimiwa wavunaji mlioumwa na nyigu tangu asubuhi. Waheshimiwa nyigu wenyewe, ambao nao wamefanya kazi. Mabibi na mabwana, itifaki nimeizingatia mpaka imechoka. (Kicheko. Gela anapiga meza kwa kijiko.)

Mimi Tekle, ambaye siku za kazi huandika hotuba za wakubwa katika ofisi ya manispaa na kwa hiyo ninajua kusema jambo dogo kwa muda mrefu, nimesimama mbele yenu mchana huu kwa wadhifa nilioupokea hivi punde kutoka kwangu mwenyewe, wadhifa wa Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Mradi Mkakati wa Kituo cha Starehe Kavu, kituo cha kisasa, cha kwanza cha aina yake katika bonde hili, kitakachowawezesha wananchi walioacha pombe kula, kucheka, kuimba na kuchelewa kurudi nyumbani kwa viwango vya kimataifa. (Makofi. Baba Mkubwa Anzor: "Tekle mwanangu, kaa chini. Leta pembe.")

Nashukuru kwa swali hilo zuri la nyongeza. Kwa faida ya wageni waliotoka mbali, yaani Gela, nieleze kwamba Baba Mkubwa ametoa hoja kuwa tamada wa harusi ya Rezo, yule atakayeongoza meza na kutamka neno la kila glasi kuanzia ya amani mpaka ya mwenye nyumba, achaguliwe leo, tena achaguliwe kwa pembe. Na pembe, kama mjuavyo, haina kitako, ukishaipokea imejaa huna pa kuiweka mpaka uimalize, na atakayeimaliza kwa pumzi moja ndiye. Kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, mtu pekee wa ukoo huu anayeimaliza kwa pumzi moja siku hizi ni mtoa hoja mwenyewe. (Kicheko. Anzor: "Nilaumiwe mimi kwa kuzaliwa na kifua?") Kurugenzi yangu imelipokea ombi la pembe, imelijadili katika ngazi zote, na inapenda kuwajulisha wadau kwamba pembe imo katika matengenezo. (Minong'ono. Mama ananitazama kwa jicho moja.)

Niruhusuni sasa niwasilishe taarifa ya utekelezaji. Awamu ya kwanza ya mradi ina mnufaika mmoja. Anaitwa Shalva, ni baba yangu mzazi, aliyekuwa tamada wa harusi, ubatizo na matanga ya bonde hili lote, na kwa sasa anaweza kuonekana pale kwenye moto wa matawi ya mizabibu, ametupa mgongo, akigeuza mishikaki ambayo, kwa mujibu wa wataalamu wetu wa pua, iliiva zamani. (Kicheko. Baba hageuki. Anageuza mishikaki.)

Mnakumbuka ilivyokuwa. Alikuwa ametoka hospitali na hakuwa amemwambia mtu isipokuwa Mama kwamba pombe basi, hata tone. Baba Mkubwa akamjazia pembe, kwa mapenzi tu, kama miaka yote, na Baba akaishika, akaitazama, watu wote wakangoja neno lake, na yeye badala ya neno akailaza mezani. Pembe haijui kulala. Koro, koro, koro. Mvinyo ukatafuta mapaja ya kila mtu. Hakuna aliyemtukana, na laiti angetukanwa. Baba Mkubwa alisema tu, tena kwa upole, kwamba tamada asiyekunywa ni kengele isiyo na ulimi, na Baba akainuka akasema anakwenda kuangalia moto. Mabibi na mabwana, tangu siku hiyo anaangalia moto. Kwenye ubatizo wa mtoto wa Gela aliangalia moto. Siku ya Pasaka mvua ilinyesha na moto haukuwashwa, akaenda kuosha gari kwenye mvua. (Mama anasogeza mkate ambao haukuhitaji kusogezwa.)

Hata hivyo, kurugenzi makini haikai kwenye changamoto, inarukia mafanikio, na mafanikio ni makubwa mno. Katika sekta ya uchukuzi pekee, hakuna mtu wa mtaa huu aliyerudi kutoka karamuni kwa miguu au kwa mtaro, kwa sababu mnufaika huja kuwachukua kutoka kwenye meza ambazo hakukalia, na taarifa za siri zinaonyesha kwamba akishashika usukani, gizani, watu wakiwa nyuma wamebanana, huanza kuzungumza kama zamani, huimba sauti ya chini, huwapa wote neno mmoja mmoja mpaka mlangoni kwao. Na Gela alinieleza kwamba siku hizi anaondoka karamuni mapema, chakula bado kiko mezani, ili awahi kiti cha mbele. (Gela: "Binti, nilikuambia kwa siri." Anzor: "Kumbe ndiyo maana ulinikimbia siku ile.")

Katika sekta ya burudani, mnufaika anacheza nardi, ule mchezo wa kete na ubao, na anashinda, kwa kuwa sasa anakumbuka kete zake zilikuwa wapi kabla Gela hajakohoa. Amegundua pia kwamba kichekesho cha Gela cha kasisi na punda, alichokicheka tangu ujana wao, hakina mwisho, na ameanza kumsaidia kuutafuta. Asubuhi moja niliwaona kupitia dirisha, yeye na Mama, wakicheza ngoma jikoni bila muziki, yeye akizunguka meza mikono juu, Mama akiwa na mwiko. Na utafiti wetu shirikishi umebaini kwamba asilimia mia moja ya wake zake wameridhika na huduma. (Kicheko kirefu. Mama: "Anakumbuka nilichomwambia jana. Sijazoea. Inabidi nipime maneno.")

Kwa hiyo, waheshimiwa, furaha ipo. Tumeipima. Ipo kwenye gari, ipo jikoni, ipo kila mahali isipokuwa hapa, kwenye kiti kile kilicho karibu na ukuta, ambacho mwaka mzima tumekuwa tukiwekea makoti. Nami kila siku ninapokaa ofisini kumtungia maneno mtu asiye na la kusema, najiuliza kwa nini mwenye la kusema anageuza nyama. (Baba anaacha kugeuza. Kisha anageuza.)

Sasa niingie katika vitendo, kwani mradi usio na vitendo ni semina. Nitaongoza mwenyewe glasi za majaribio. Humu kikombeni mwangu mna maji ya zabibu tulizokanyaga leo asubuhi, haya wanayokunywa watoto pale chini ya ngazi, ambayo bado hayajajifunza utukutu. (Anzor: "Anayekutakia heri kwa maji anakutakia mafuriko. Hata bibi yako alijua hilo.") Pingamizi limesikika na limetupwa, Mheshimiwa, kwa sababu haya si maji, ni mvinyo wako huo huo, kabla umri haujauharibu kama ulivyoharibu wengine ambao sitawataja. (Kicheko. Anzor naye anacheka, halafu anajikumbuka.)

Glasi ya kwanza, ya amani: kwa kuzingatia miongozo husika na ushirikiano mzuri baina ya wadau, amani na iendelee kuboreshwa. (Wanakunywa. Rezo ananong'ona kwamba akipata tamada kama mimi atavunja uchumba.) Glasi ya pili, ya waliotutangulia: kwa Babu, mwenye pembe, ambaye mchango wake katika sekta ya kilimo hautasahaulika. (Wote wanasimama. Wanadondoshea mvinyo kidogo kwenye mkate, wanakunywa kimya.) Ahsanteni sana. Kwa maneno hayo machache natamka kwamba kikao kimefungwa rasmi, meza iondolewe, kila mtu aende kwake salama.

(Hakuna anayeketi. Hakuna anayeondoka. Anzor ananitazama kama mtu aliyeona mbuzi kanisani. Kutoka kwenye moto, Baba: "Tekle.")

Mheshimiwa mnufaika, muda wa maswali umekwisha.

(Baba: "Huwezi kufunga hapo. Huwezi kuwaacha wafu wawe wa mwisho mezani. Nani alikufundisha hivyo?")

Hakuna aliyenifundisha, Mheshimiwa. Nafasi ya mtaalamu iko wazi mwaka wa pili huu. Tulitangaza, hakuna aliyeomba.

(Baba anakuja, mshikaki ungali mkononi. Anatafuta pa kuuweka, anampa Gela. Anachukua kikombe changu. Anasimama nyuma ya kile kiti cha makoti, na naiandika hapa kama ilivyo kwamba hakuna aliyetazama pembeni. Kisha akasema: "Baba yetu alipokufa, mimi na Anzor tulipanda mstari ule wa mizabibu kando ya ukuta. Tulidhani tunampandia yeye. Leo asubuhi nimemkuta mtoto wa Gela amejaza mdomo zabibu za mstari ule, zinamtiririka mpaka kitovuni, wala hajui aliyezifanya ziwepo. Nikataka kumwambia. Nikaona, nimwambie nini, zabibu zimeshamwambia. Wafu hawatuombi tukae nao kimya. Wanatuomba tusogee, watoto wapite. Basi kwa watoto walio hapa, na kwa wa Rezo walio njiani." Rezo: "Baba, harusi bado." Baba: "Njiani, lakini mbali. Washinde." Wote: "Washinde.")

(Wanakunywa. Anzor anaweka glasi yake chini, anajifuta jicho kwa mkono wenye utomvu wa zabibu, linamwasha, analaani. Halafu anasema, "Shalva, nyama yako inaungua." Baba anasema, "Iache iungue." Anayatoa makoti kwenye kiti, anampa Rezo, anaketi.)

Kumbukumbu zionyeshe kwamba mnufaika ameketi. (Makofi yasiyo rasmi. Anzor, kwa sauti ya chini: "Haya, tamada tunaye. Lakini pembe itapita mezani kama kawaida, tusijifanye wageni.")

Nakuja huko, Mheshimiwa. Kabla ya hapo nawaomba tuseme pamoja kauli mbiu za mradi. Starehe kavu! (Idumu!) Meza bila migongo! (Idumu!) Gela na kichekesho chake! (Kifupishwe!)

Sasa imebaki shukrani, ambayo kwa desturi ya ofisi yetu ndiyo sehemu inayosema kweli kwa kuwa hakuna anayeisikiliza. Nawashukuru wafadhili wa Kituo cha Starehe Kavu, ambao hawapo. Naishukuru kamati ya ujenzi, haijawahi kukutana. Lile jiwe la msingi nililowaonyesha langoni mlipokuwa mnaingia ni jiwe la siku zote la kuzuia lango lisipigwe na upepo, na kituo chenyewe hakina kiwanja, hakina ramani, hakikuwahi kuwapo. Kilikuwapo kiti chenye makoti. Nawashukuru pia wakwe zetu wa Jumapili, ambao niliwapigia simu jana kuwaambia kwamba tamada wa upande wetu ni Shalva. Wakasema walikuwa hawajui kama kuna mwingine.

Na kuhusu pembe, Baba Mkubwa, ukitaka kukasirika nakuomba ukasirike nami baada ya harusi. Alhamisi niliishusha kutoka juu ya kabati ilikokuwa imefungwa kwenye magazeti, nikaipeleka kwa fundi wa pembe kule sokoni, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema ninayo, akaikata ncha. Haishiki tena kitu, ukiijaza, inamwaga. Iko kwenye mfuko chini ya kiti hicho, Baba, karibu na mguu wako. Niliijaribu kwa fundi. Ukiipuliza inalia, na inasikika ng'ambo ya mto.