Nuru Zaidi, Chenga Kidogo

Jumatatu, 3 Machi
Maabara yetu ina kamera mbili za kuchambua rangi za nuru. Yangu hupitisha nuru kwenye mwanya mwembamba, husoma picha mstari kwa mstari. Ya mwenzangu, tunayemwita Miwani, ina vichujio: huona picha nzima, lakini rangi moja moja. Ijumaa Mkuu wa maabara atachagua moja. Atakayeshindwa anahamia stoo kufuta lenzi. Mke wangu ameshamwambia mama yake kwamba nimepandishwa cheo. Sikumtuma.

Jumanne, 4 Machi
Tumepima. Ishara ya kamera ya Miwani ni mara tisini ya chenga, yale madoa yanayochafua picha. Yangu arobaini. Roho imeniuma. Kisha akili ikanijia: kinachokosekana ni nuru. Wenzangu walipoenda kula, nikaupanua mwanya kwa bisibisi. Mara mia na sitini! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Fundi mitambo ameiwekea kamera yangu jani bichi na jani la plastiki. Kamera haioni tofauti. Akauliza imekuwaje, maana juzi iliiona. Nikamwambia majani yote ni ndugu. Hakucheka. Mimi mwenyewe sielewi. Nuru imeongezeka, rangi zimeingiliana kama nguo zilizofuliwa beseni moja. Nimeukaza mwanya urudi ulivyokuwa. Nimepitiliza. Ishara sasa ni mara nne.

Alhamisi, 6 Machi
Skrubu ya mwanya imekwama. Dawa ni balbu kali zaidi. Nimeifunga kimya kimya kwenye taa ya majaribio. Ishara yangu ikapanda hadi mara nane, nikashukuru. Akaja Miwani, akapata mia na themanini. Nilitumia nusu saa nzima kukumbuka kwamba taa ni moja, tunapimia sote. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kamchagua Miwani. Akasema pia kwamba aliyebadilisha balbu kafanya la maana. Miwani akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akapigiwa makofi. Nimeona aibu, nami nikapiga makofi. Mama mkwe anakuja Jumapili kuona ofisi yangu mpya.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeripoti stoo na kitambaa changu. Juu ya rafu nimekuta kamera kuukuu ya mwanya. Nimeipima: mara thelathini tu. Nikiitengeneza leo, kesho mama mkwe atanikuta na kamera ya kumshinda Miwani. Kasoro yake nimeijua papo hapo. Mwanya ni mwembamba mno, na kwenye droo ya chini kuna bisibisi.