Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Mishipa ya Ubongo, Tibirinzi

Assalaam alaykum! (Waalaykumu salaam, kwa uvivu.) Hamjanywa chai? Assalaam alaykum! (Waalaykumu salaam!)

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mgeni rasmi kupata udhuru; waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao, na mliotumwa na makaimu; waheshimiwa masheha; masheikh zetu; wazee wetu wa Wambaa, na nyinyi wa Makoongwe mliovuka maji tangu alfajiri kwa ajili ya sura yangu; mabibi na mabwana; mwenye kamera, ambaye namwomba asogee kushoto kidogo, jua linanipiga kwenye kipara; (Kicheko.) itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa, katibu wangu Fahmi ataizingatia baada ya chakula.

Mimi, Hamzah, Mratibu Mkuu wa Idara ya Uratibu wa Tiba Bobezi za Mishipa, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu wengi hawana, kukizindua Kituo cha Kisasa cha Stenti na Koili, ambacho kwa mujibu wa rodimapu yetu, na baada ya fizibiliti tuliyoifanya kwa kina katika hoteli tatu tofauti, ni cha kwanza kabisa hapa Pemba. (Makofi.)

Mtauliza, koili ndiyo nini? Mshipa wa damu wa kichwani ukichoka ukuta wake, hutuna kama mpira wa baskeli uliochakaa, na ukipasuka, mtu huanguka na mwiko mkononi. Zamani ilikuwa lazima fuvu lifunguliwe. Leo daktari bingwa huingia na kimrija chembamba kupitia mshipa wa paja, huku juu, samahani masheikh, (Guno. “Staghfirullah!”) ndivyo sayansi ilivyo, akapanda nacho polepole mpaka ubongoni, akakijaza kile kivimbe kwa uzi wa platinamu mwembamba sana, unaojikunjakunja humo ndani mpaka damu isipate pa kuingilia. Hiyo ndiyo koili. Na kivimbe kikiwa na mdomo mpana, uzi ukataka kutoka, basi hutiwa kineli, kibomba kidogo cha wavu, ndani ya mshipa kuuzuia uzi usitoke. Hiyo ndiyo stenti. Mimi nimeishika stenti kwa mkono wangu huu, semina, ikabidi niirejeshe. (Kicheko.)

Na matokeo, ndugu zangu? Katika kituo hiki hajafa mgonjwa hata mmoja. (Makofi.) Mashine haijaharibika hata siku moja. Hatujapokea lalamiko la muuguzi, la daktari wala la mfagiaji. Nionesheni hospitali nyengine yenye rekodi hiyo! Tazameni sakafu mliyowekewa viti, saruji tupu, pana, imara. Vuteni pumzi, msikie harufu kali ya dawa. (Watu wa Tibirinzi wanacheka sana.) Chekeni, ni furaha ya maendeleo.

Sasa naomba asimame, au asisimame, akae tu, Bi Suhaila wa Wambaa. Yule pale kiti cha mbele, na kikapu chake cha nguo. Huyu ni mwalimu wa chuo cha Qur-ani, amewasomesha hata baadhi ya wakubwa waliopata udhuru leo. Kichwa kilimuuma ghafla, akapelekwa kupigwa picha, kikaonekana kivimbe kwenye mshipa wa ubongo. Ofisi yangu ikampigia simu: Bi Suhaila, wewe ndiye mgonjwa wa uzinduzi, njoo hujala kitu tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kama utaalamu unavyotaka. Na kweli hajala! Hajanywa hata maji! Huyu ndiye ninayemwita mdau. (Makofi.) Watoto wa chuoni wamepewa ruhusa, wanamwombea dua huko Wambaa sasa hivi, na dua hizo tumeziingiza katika ripoti kama mchango wa jamii.

Naona mkono. Haya, dada, kwa ufupi.

(“Mie Hind, binti yake. Daktari wa picha katwambia hiki kivimbe hakingoji, kikipasuka ndiyo basi. Mie nnauliza, huyo wa kumtia koili mamangu yuko wapi?”)

Swali zuri sana, nalipokea kama maoni. Daktari bingwa yumo katika mchakato. Mashine imo katika fremuweki. Koili zenyewe zimo katika hatua ya dhamira, na dhamira, dada yangu, ndiyo hatua ngumu kuliko zote. (“Na chumba?”) Chumba kimo katika bango lile, tena kwa rangi. Kaa, mwanangu, kaa, unampandisha mama presha, na presha ni mbaya kwa mshipa.

Wananchi, nikisema “Mshipa,” mseme “Salama!” Mshipa! (Salama! wachache.) Koili kwa wote! Pemba bila kivimbe! (Mtu mmoja: “Inshaallah.”)

Sasa naukata utepe. Fahmi, ushikilie vizuri, usianguke, hauna ukuta wa kufungiwa. (Makofi.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wenye hema na viti. Namshukuru mchoraji wa bango, jengo lake ni zuri mno, natamani siku moja nilione. Kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Talib, aliyetuazima sakafu yake ya kuanikia karafuu. Mzee, tutakurejeshea alasiri hii hii uanike, na samahani kwa harufu yako tuliyoitumia. Na zaidi ya wote namshukuru Bi Suhaila kwa subira yake. Mama, shughuli imekwisha, sasa unaweza kula. Fahmi, mpe sahani ya biriani, ile yenye kuku.

(Sahani inapelekwa. Bi Suhaila anaisogeza pembeni. “Sili. Mie nimeambiwa nisile mpaka nitiwe koili. Nnamngoja daktari.”)

Mama, nimeeleza… (“Nimesikia, mwanangu. Nnamngoja.”)

Basi. Fahmi, hiyo sahani ipeleke garini kwangu.