Mkwe Wangu, Mwalimu wa Bunduki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ngedere wamemaliza mistari minne ya mahindi. Minne! Nilipiga debe, nilirusha mawe, nilitukana kwa Kinyakyusa. Walinitazama, wakaendelea kula. Ndipo jirani yangu Erasto akatokea ng'ambo ya mfereji na shotgani yake mpya begani. Sikumwita mimi. Aliitwa na mke wangu! Akapiga moja hewani, ngedere wakatawanyika, mke wangu akapiga vigelegele. Kwenye shamba langu! Nina miaka hamsini na tisa, nimelima hapa Suma tangu Erasto hajaota ndevu.

Saa hiyohiyo nikaenda Tukuyu mjini kuomba kibali cha bunduki. Askari akaniuliza cheti cha mafunzo ya usalama kiko wapi. Nikamwambia usalama ninao, ninachokosa ni bunduki. Akasema bila cheti nisijisumbue hata kuchukua fomu, na kwamba kuna darasa la siku nne linaanza kesho kule Ibighi. Darasa! Mtu mzima na wajukuu wake anafundishwa kushika bomba.

Nimejiandikisha. Erasto alifaulu kwa alama kumi na nne kati ya ishirini. Hizo nitazipita huku nasinzia.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Nilikaa dawati la mbele, kama mtu mwenye heshima zake. Mwalimu akaingia. Atupakisye! Mke wa mwanangu Lugano! Kweli mke wangu aliwahi kuniambia kwamba mkwe kapata kazi ya kufundisha. Nilidhani chekechea.

Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hataji jina lake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia migombani. Wa mjini wengi wameacha. Atupakisye hajaacha. Miaka saba tunakaa ua mmoja, na anachokijua kwangu ni viatu. Leo aliviona viatu hivyo chini ya dawati, akageukia ukutani, akafundisha saa tatu nzima akiutazama ubao. Wakati wa kuita majina, alipofika kwangu, akasema "namba kumi na nne". Lazaro, mlinzi wa shamba la chai niliyekaa naye, akaniuliza kwa kunong'ona kama nina ugonjwa wa kuambukiza.

Jioni Atupakisye akamtuma mke wangu. Anaomba kwa heshima zote nihamie darasa la mwezi ujao, lenye mwalimu mwingine. Tena anauliza bunduki itakaa wapi, maana fomu inataka sanduku la chuma lenye kufuli, na binti yake Lilian, wa miaka minne, hushinda chumbani kwetu akifungua kila kinachofunguka. Nikajibu kwamba bunduki yangu itakaa nitakapo mimi, na kwamba mwezi ujao mahindi yatakuwa tumboni mwa ngedere. Mke wangu akapeleka jibu. Anasema Atupakisye alimpakata mtoto tu.

Nikiwa kitandani, akili ikafunguka. Mwalimu asiyeweza kunitazama atajuaje kama niliyekaa pale ni mimi?

Jumatano, 5 Machi

Mpango umekwenda kama maji. Shemeji yangu Jacob yuko likizo kutoka kiwanda cha chai. Nimemvalisha viatu vyangu, nikamwagiza akae namba kumi na nne na asifungue mdomo. Mimi nikatulia mgahawani na supu ya utumbo na ndizi mbili za kuchoma. Elimu tamu hii.

Saa nane Jacob akarudi anachechemea, viatu vinambana. Mwalimu aliona viatu, akageukia ubao. Darasa zima lilijua, likajikaza lisicheke. Lazaro ametaka mkungu wa ndizi ili naye ajikaze. Nimempa.

Jacob akaanza kunieleza walichojifunza. Nikamwambia asinichoshe. Kujua ni kazi yake, cheti ni changu.

Mke wangu tena, na swali lilelile la sanduku. Nimejifanya nimelala.

Alhamisi, 6 Machi

Mtihani wa kuandika. Nimepata kumi na tisa kati ya ishirini! Sijawahi kupata alama kama hiyo tangu nizaliwe. Nilikuwa kwa kinyozi wakati huo.

Nikaenda moja kwa moja kituo cha kupimia majani ya chai, nikamkuta Erasto na watu wengi, nikamtangazia. Akanipa mkono vizuri tu. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, ni jambo gani la kwanza mtu anafanya akipokea bunduki kutoka kwa mwenzake. Nikamjibu: unashukuru. Watu wakacheka mpaka mpima majani akakosea mzani. Wivu mtupu.

Saa kumi na moja mambo yakaharibika. Jacob kasema likizo imekwisha, kesho yuko zamu. Tena kesho ni vitendo, na yeye kushika bunduki kwa jina la mtu mwingine hawezi. Eti amesoma siku mbili na sasa anaogopa. Nikamwambia elimu imemharibu. Amenirudishia viatu, kimoja kimepasuka.

Haidhuru. Nitakwenda mwenyewe. Mkwe si atakuwa ametazama pembeni?

Ijumaa, 7 Machi

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Kwa hasira, si kwa kingine.

Tulikuwa nyuma ya darasa, kwenye nyasi. Kila mmoja anaitwa, anachukua bunduki mezani, anafanya walichofundishwa, anairudisha. Ilipofika namba kumi na nne, Atupakisye akaenda kusimama kando ya ua, akatupa kisogo, akatoa maelekezo kwa kuyaambia majani. Vizuri sana. Nikachukua bunduki. Nikashukuru.

Nikasubiri wanipigie makofi. Hawakupiga. Nikaona niwaonyeshe jinsi ngedere atakavyokiona cha moto. Nikaweka kitako begani, nikafumba jicho moja, nikazunguka taratibu, kidole kikiwa mahali pa kidole. Lazaro akalala chini. Wote wakalala chini! Nikadhani ni sehemu ya somo. Nikavuta. Ikalia: ka!

Nikafumbua jicho. Mdomo wa bunduki ulikuwa umetazama mgongo wa mkwe wangu.

Akageuka. Akanitazama. Usoni! Miaka saba!

"Asukile Mwaisaka," akasema, "toa kidole."

Jina langu! Kwa mdomo ule! Akaja, akausukuma mtutu juu, akaichukua, akaifungua na kuonyesha watu wote kwamba haikuwa na risasi. Ya mafunzo haiwekwi risasi, ila mimi nilikuwa sijui, na yeye alijua kwamba sijui. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikutikisika.

"Tata, baba yangu, ningezikwa bila kukutazama," akasema. "Lakini mwenye bunduki mkononi lazima nimtazame. Nina mtoto ndani ya nyumba yako."

Akaandika: AMEFELI. Lazaro, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akasimama na kueleza habari za Jacob, viatu na supu. Na ndizi zangu kala! Mtihani wangu umefutwa, nisirudi mpaka mwaka uishe. Nimerudi nyumbani kwa miguu, na kile kiatu kinaachama kila hatua.

Jumapili, 9 Machi

Sikunyamaza. Baada ya ibada nilimpelekea shauri baba mdogo Enosi na wazee wa ukoo. Nikaeleza kwamba nimetazamwa, nimetajwa kwa jina, tena hadharani. Nikataka upande wa mkwe ulete ng'ombe wa kunisafisha. Dume, wala si ndama.

Wazee wakamwita Atupakisye. Akakaa nje ya mlango, akajibu kupitia kwa mke wangu. Hakujitetea. Alisema tu kwamba jina alilitaja na uso aliuona, na kwamba kesho akiniona na bunduki tena atafanya hivyohivyo.

Baba mdogo Enosi akafikiri sana. Kisha akaniuliza nani aliingia darasani kwa nani. Akaniuliza nani alikaa dawati la mbele. Akaniuliza kama mila ni ngao ya kujifichia mtu akitaka kuua. Hilo la mwisho sikulielewa. Hukumu: mimi ndiye nimpe mkwe jogoo. Mimi! Jogoo! Kisha wakaongeza kwamba kuanzia leo Atupakisye ana ruhusa ya kunitazama wakati wowote nikiwa nimeshika kitu chenye kudhuru. Wote wakaitikia "ndaga", yaani asante, wakaenda kula.

Jioni nilipita uani na panga. Akanitazama mpaka nikaliweka chini.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshinda! Karibu nishinde.

Nimesikia habari za mzee mmoja kule Ikuti anayetengeneza magobole nyumbani kwake. Hataki cheti, hataki fomu, hataki mwalimu. Nikaenda alfajiri bila kumuaga mtu. Nikamkuta, akalitoa gobole lenyewe, refu, linang'aa mafuta. Nikaliangalia ndani ya mtutu. Akanishika bega haraka, akasema kitu kikiwa kimeshindiliwa baruti hakichunguliwi mdomoni. Nikamwambia asinifundishe, nilipata kumi na tisa kati ya ishirini.

Tukawa tumeelewana. Akauliza tu nitaliweka wapi, maana askari wanapita. Nikamwambia chini ya godoro. Akauliza nani analalia godoro hilo. Nikamwambia usiku mimi na mke wangu, mchana mjukuu, wa miaka minne, hana neno.

Mzee akainuka. Akalifunga gobole kwenye gunia, akalipeleka ndani. Aliporudi akasema yeye hana gobole, hajawahi kuwa nalo, na niende salama. Nimeliona kwa macho yangu! Mtu anavunja sheria kila siku, leo ndiyo anaona aibu. Erasto kamfikia, hakuna kingine.

Mafundi hawajaisha wilaya hii. Nimerudi saa nane, Atupakisye akiwa kazini, nikaanza maandalizi. Nimelinyanyua godoro na kupima nafasi. Inatosha. Lilian alikuwa amelala, akaamka. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kupuuza usalama, nimemwonya kabisa: siku kitu cha babu kitakapokuja, asikiguse. Akauliza kitakaa wapi. Nikamwonyesha.