Ombi la Kufuta Makala Kuhusu Gereji Nzuri

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Magari, kwa heshima zote na uchungu kidogo,

YAH: MAKALA YENU ILIYONIPELEKA NILIKOAPA KUTOKANYAGA

Mimi ni karani mstaafu wa masjala na msomaji wenu wa miaka mingi. Sijawahi kuwasumbua, hata mlipochapisha fumbo la maneno mkasahau majibu. Safari hii maji yamenifika shingoni.

Nina gari dogo la zamani. Kila Jumapili, kwenye kilima cha karibu na nyumbani, shemeji yangu hunipita huku akinipungia mkono taratibu, kama anayeaga msafiri. Nikaamua kuliongezea gari langu nguvu. Nikakata makala yenu ya namna ya kuchagua gereji ya mtaani kwa kazi hiyo, nikaitia mfukoni, nikaifuata neno kwa neno.

Mjue kwanza kwamba binti yangu mkubwa ana gereji ya aina hiyo hiyo. Nilimsomesha uhasibu, yeye akavaa ovaroli. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, mimi nilimnunia. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba mguu wangu hautakanyaga pale, na kwa miaka mitatu haukukanyaga. Gereji ni nyingi, nikawa na hakika mtanipeleka kwingine, kwa fundi wa kweli, ili nirudi nimwambie mke wangu, "Umeona?" Badala yake mmenitendea yafuatayo:

1. Mlisema tuwaulize wenye magari. Niliuliza watu watatu: dereva wa ambulensi, mwalimu wa udereva, na shemeji yangu huyo huyo. Wote walinitajia gereji moja. Shemeji ndiko alikoliongezea gari lake nguvu! Kumbe kila Jumapili nilikuwa napitwa na kazi ya mwanangu mwenyewe.

2. Mlisema tutazame sakafu na vifaa kabla ya kufungua mdomo. Gereji ya kwanza niliyojaribu, mafuta machafu yalinivua kiatu. Ya pili walitafuta spana moja mpaka nikasinzia. Ya tatu, ile ya binti yangu, niliichungulia nikiwa nyuma ya lori. Spana zimepangwa kwa ukubwa, na kila moja imechorewa umbo lake ukutani. Hivyo ndivyo nilivyopanga majalada masjala kwa miaka thelathini na moja. Huo ni wizi wa utaratibu wa mtu, na hamkutuonya.

3. Mlisema tuone fundi anavyompokea mteja. Niliingia nikiwa nimepanga kuongea kwa ishara tu. Binti yangu akatoka chini ya gari, akafuta mikono, akasema mbele ya mafundi wake wote, "Shikamoo, baba." Ndugu Mhariri, shikamoo haikwepeki. Nilisikia mdomo wangu ukijibu marahaba bila idhini yangu.

4. Mlisema fundi mzuri hujua kukataa. Niliomba turbo, rimu pana na ekzosi ya kunguruma. Akalala chini ya gari, akainuka. "Baba, hewa haipiti, chujio limeziba. Na breki zimekwisha. Turbo siweki. Ukishakimbia, utasimamaje?" Nikamkumbusha kwamba mteja ni mfalme. Akasema mfalme huyu ana mke nyumbani na watoto wanaomtaka mzima. Yule dereva wa ambulensi alimsifu kwa maneno kama hayo hayo.

5. Mlisema gari lijaribiwe mwenyewe akiwemo. Breki zikiwa mpya na chujio jipya, tulipanda kile kilima, yeye akiendesha. Gari halikukohoa hata mara moja. Nilitazama nje njia nzima kwa sababu vumbi liliniingia machoni. Vioo vilikuwa vimefungwa. Nilikuwa nalia, Ndugu Mhariri, sasa niandike nini kingine?

Kwa hiyo naomba makala ifutwe. Pili, mtusaidie kudai sheria kwamba gereji nzuri isiwe ya mtoto wa mtu. Ikishindikana, iwekwe kilomita hamsini kutoka kwa mzazi yeyote mwenye msimamo. Na hilo nalo likishindikana, basi makala kama hizi zitoke mapema, kabla mzazi hajapoteza miaka mitatu.

Nisalimieni wapiga chapa, mpiga picha wa magari, na hasa mtunga fumbo la maneno.

Wenu asiyeyumba,
Karani Mstaafu

Baada ya sahihi: Makala msiifute kwanza, shemeji anaiomba, anataka kujua nimefanyiwa nini mpaka Jumapili hii akashindwa kunipita. Tena nimeitazama kadi ya kazi niliyopewa pale gereji. Penye jina la mteja, binti yangu ameandika "Baba", basi. Penye siku ya kurudi ameacha wazi. Nimejaza mwenyewe: Jumamosi. Mama yake anatafuta shati langu la kuchafukia.