Masikio ya Kondoo wa Idd

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe mbele ya wazee wa msikiti. Tena kwa kisu changu mwenyewe. Nipeni chai kwanza.

Mnajua vile nimengoja kazi hii tangu nifungue bucha. Mimi Kirimi, Mmeru, mtu wa migomba, Mzee Guyo wa msikiti amenipa kazi ya kutafuta kondoo wa Idd ya kuchinja, kwa familia zote za mtaa wake! Nikifaulu, kila Idd ni mimi. Nikiharibu, nirudi kuuza matumbo. Kwa hivyo nilijipanga. Nilinunua mapema, kabla soko haijakauka, nikawalisha nyuma ya bucha mpaka mikia ikanona. (Mke wangu Kendi anasema kondoo wamekula kumshinda. Ni kweli.)

Sasa leo asubuhi, Idd ikiwa kesho, naangalia barabarani: kondoo kila mahali! Kila mtu anaswaga wake kuingia mjini, na wote wanafanana, kichwa cheusi, mwili mweupe. Wangu wakichanganyika na hao njiani, nitawajuaje? Nikakumbuka wafugaji wa huku, kila ukoo unakata masikio ya mifugo kwa mtindo wake. Nikajiambia, Kirimi, leo na wewe umekuwa mwenyeji. Nikanoa kisu. Kila kondoo nikamtoa ncha ya sikio la kushoto, safi, sawasawa, kama fundi wa nguo. Nikapaka jivu damu ikakauka. Aki nilijipenda.

Nikawaswaga hadi uwanja wa kando ya msikiti, kofia upande. "Salaam aleikum!" Nadhani hata posta walisikia. Wazee wakaitikia vizuri. Mzee Guyo akashika mgongo, akashika mkia, akatabasamu. Kondoo walikuwa wamejazana, vichwa chini, na hakuna aliyekuwa ameona masikio. Si ningenyamaza? Wapi! Nikakamata mmoja, nikamgeuza kichwa ili watu waone vizuri.

"Mzee, hata usiogope wapotee. Nimeweka alama. Wote!"

Mtu mmoja akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Kirimi, kijana yangu," Mzee Guyo akasema polepole, "hii nyama ni halali kabisa. Kula, uza. Lakini kondoo ya kutoa Idd haikatwi sikio. Inatakiwa nzima."

"Hata kama ni kidogo tu?"

"Wewe umekata kidogo?"

(Kondoo akanijibia: mee!) Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nimeshika kichwa cha mnyama sijui nikiweke wapi. Nikafikiria watoto wa mtaa ule kuamka kesho bila kondoo, sababu ya ujuaji wangu. Nikamwambia Mzee anipe mpaka magharibi, nikakimbia.

Sokoni amebaki Galgalo peke yake, mfugaji wa Kulamawe, na kondoo wazuri, masikio mazima. Akanieleza kwamba za Idd hawazikati alama, hata mtoto wa kunyonya anajua. Nikamwomba tubadilishane. Akakataa kabisa.

"Hizo ziko na alama yako. Nikifika nazo nyumbani, watasema nimeiba."

Sasa unamwambia nini mtu kama huyo? Nikarudi nyumbani nikamtoa fahali niliyekuwa namnenepesha kwa ajili ya Krismasi. Kendi alisimama mlangoni akatuangalia tukipita, halafu akafunga mlango kwa komeo. Galgalo akamchukua fahali, mimi nikachukua kondoo. Krismasi yangu sasa iko njiani kwenda Kulamawe.

Nilifika uwanjani kabla ya adhana ya magharibi, jasho mpaka viatuni. Wazee walipapasa masikio yote, moja moja, wakicheka. Halafu Mzee Guyo akanishika bega.

"Idd ijayo ni wewe tena. Lakini kisu utaniachia mimi."

Jamani, nilifurahi karibu nilie! Kazi ni yangu! Nimekuja hapa mbio niwaambie, na ni hapa tu, nikikoroga hii chai, ndio akili imenijia: nyuma ya bucha nimejaza kondoo wa sikio moja na nusu, na kesho mji mzima unagawa nyama bure.