Pampu Nzima Kasoro Washa

Wananchi wa Embu na Meru wanaarifiwa, kwa furaha isiyo na kikomo, kwamba Kamati ya Pamoja ya Kutathmini Utayari wa Kiwanda Kuzuia Bidhaa Mbovu imekamilisha kazi yake kwa siku moja, ikiwemo chai mara mbili. Mimi ndiye katibu. Ninaandika nikiwa na akili timamu na muhuri mkononi.

Kiwanda chenyewe, nje kidogo ya mji wa Embu, hutengeneza pampu za mgongoni za kupigia kahawa dawa. Tulikuta mia sita zimeshapakiwa kwenye lori, zigawiwe wakulima wa Karurumo. Tulimkuta pia Gladwell, mkaguzi wa ubora, amesimama mbele ya lori hilo, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba.

"Zinavuja," alisema. "Washa, hii raba ya mfuniko, imekatwa nyembamba. Dawa inashuka mgongoni. Hili lori halitoki."

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kailemia, ameongoza kamati kumi na moja na hakuna hata moja iliyowahi kupata kosa. Akatabasamu.

"Madam, unasema zina kasoro?"

"Ndiyo."

"Saa hizi ni saa ngapi?"

Gladwell akaangalia simu. "Saa tano kasoro robo."

"Hiyo ni saa mbovu?"

Gladwell akarudisha simu mfukoni, Mheshimiwa akaendelea.

"Si mbovu. Ni saa tano, imebakisha kidogo tu. Pampu nazo ni hivyo hivyo. Katibu, andika: pampu nzima kasoro washa."

Niliandika. Wajumbe wakapiga makofi. Hoja kama hiyo haipatikani kila mwaka wa fedha. Palepale kiwanda kikapewa alama tisini na nane kwa mia, mbili zikikatwa kwa sababu Gladwell hakuvaa beji.

Wakulima walioitwa kupokea pampu walikuwa kwenye viti vya plastiki. Mmoja wao, Mama Marcella, akasimama bila kupewa nafasi.

"Mheshimiwa, mzee wangu alipewa moja ya zile za kwanza. Hii ni wiki ya tatu analala kifudifudi hospitali. Ngozi ilitoka na shati."

"Pole sana, mama. Hiyo ni changamoto ya mtumiaji."

"Sawa. Lakini nakukumbuka wewe. Mwaka ule wa mbegu za mahindi zilizopakwa rangi, ni wewe ulikuja kutuambia zitaota polepole. Ulikuwa na nywele."

Watu wakacheka. Sikuandika kicheko, hakina nafasi kwenye fomu.

"Mimi sina shida na pampu yako," Marcella akaendelea. "Nishachoka kukataa vitu. Ivae tu, upige dawa ule mti mmoja pale, halafu tubebe zote twende."

Simu zikainuliwa. Mheshimiwa ni mtu wa kamera. Akavua koti, akanikabidhi. Gladwell akashusha pampu moja, akafungua mfuniko, akachukua chupa ya dawa.

"Ngoja," akasema Mheshimiwa. "Wekeni maji."

"Kwa nini maji?" Marcella akauliza.

"Haya ni maonyesho tu, mama."

"Mzee wangu hakufanya maonyesho. Si umesema ni nzima? Geuka nikufunge mikanda."

Hakugeuka. Alirudi nyuma hatua moja, akaongeza nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa lori. Nimetumikia wenyeviti miaka kumi na tisa, na sijaona aliyeulinda mgongo wake namna ile.

"Shusheni," akasema kwa sauti ndogo.

"Ngapi?" Gladwell akauliza.

"Zote."

"Naomba kwa maandishi, Mheshimiwa."

Akaandika, karatasi akiiegemeza kwenye boneti, Marcella akimwangalia kila herufi.

Imebaki sehemu moja ya fomu, inayouliza ni kifaa gani kilichotumika kugundua kasoro. Wajumbe walitaka niandike "mtambo wa kisasa". Nimeandika kama ilivyokuwa, na muhuri nimepiga: mgongo wa Mwenyekiti, ukiwa bado mkavu.