Siku Amadeo Lasheras Alipopiga Simu El Batán

Kitu cha kwanza alichokiona Visi siku ile ni kwamba wazee wote watatu walikuwa wamenyoa ndevu. Ilikuwa Jumatano, tena Jumatano isiyo na maziko wala harusi, na katika baa ya El Batán wanaume hunyoa Jumamosi. Wakili alikuwa amefunga tai. Askofu alinukia marashi mpaka nzi wa dirishani wakahama. Cherehani alikuwa amezilaza nywele zake nne kwa maji, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga nyuzi kwenye mtambo.

Visi alitamani kuuliza kuna nini. Alifuta kaunta, akawamiminia divai zao za vermut, akangoja, maana katika mji wote wa Béjar hakuna siri inayodumu glasi moja.

"Leo simu italia," Wakili akasema. "Naisikia kwenye magoti."

"Na tai umevaa ili simu ikuone?" Askofu akamuuliza.

"Na hayo marashi yako yanapita kwenye waya?"

"NANI AMEKUFA?" Cherehani akapiga kelele.

"Hakuna aliyekufa, bwana wee. Kunywa."

Huyu Cherehani alifanya kazi kiwanda cha sufu miaka thelathini na minane. Mitambo ilimla masikio, kwa hiyo huongea kana kwamba bado inanguruma, na akishaanza hana kituo. Wakili, jina lake hasa Eutimio, alikuwa mfagizi katika ofisi ya wakili, na anaamini kwamba sheria humwingia mtu pamoja na vumbi. Naye Askofu aliitwa hivyo kwa sababu hajakanyaga kanisani tangu siku alipobebwa kubatizwa, na hata siku hiyo, anasema, alilia kupinga.

Simu waliyoisubiri ilikuwa ya kipindi cha *Ngazi Saba*. Kila mchana, saa saba, Amadeo Lasheras alitokea kwenye televisheni na koti lake la rangi ya divai, akawauliza watu maswali, na kila jibu sahihi lilimpandisha mtu ngazi moja. Jumatano alifanya kitu cha ziada. Alitia mkono kwenye kapu la barua, akachomoa moja, akaipigia simu baa iliyoandikwa humo. Aliyeandika barua akijibu maswali matatu, alialikwa Madrid kupanda ngazi zenyewe mbele ya Hispania nzima.

Tangu Krismasi wazee hawa walikuwa wamepeleka barua thelathini na moja. Stempu zote alizilamba Visi. Wasichokijua ni kwamba alilamba thelathini na mbili. Ya mwisho ilikuwa yake. Aliiandika nyuma ya karatasi ya oda ya bia, akaifuta mara tatu, kwa kuwa shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipougua na baa ikakosa mikono. Tangu hapo mwalimu wake alikuwa Lasheras, miaka minne sasa, saa nzima kila mchana, yeye akiosha glasi, mgongo akiwapa watu. Majibu aliyasemea moyoni. Mara nyingi aliyapata kabla ya yule aliye kwenye ngazi.

Askofu akakunjua gazeti juu ya makombo ya mkate. "Basi sikieni, enyi mlionyoa. 'Baada ya miaka tisa, Amadeo Lasheras anaiaga *Ngazi Saba*. Kipindi kitafungwa Ijumaa hii. Mtangazaji huyo anarudi kwenye penzi lake la kwanza, jukwaa la maigizo, ambako atakuwa mfalme mzee anayepofuka.'"

Mikono ya Visi ikasimama ndani ya maji. Ijumaa. Kwa hiyo Jumatano hii ndiyo ya mwisho, na kapu lile halitaguswa tena baada ya leo.

"Mfalme?" Cherehani akasema alipokwisha kusomewa sikioni. "HUYO? MFALME WA KARATA!"

"Heshima, heshima!" Wakili akanyoosha tai. "Lasheras ni mwigizaji aliyekamilika. Filamu ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili, na katika kumi na nne anakufa kabla watu hawajakaa vitini," Askofu akasema. "Mimi siku moja nilichelewa sinema dakika tano, nikakuta wanamzika."

"Kufa mbele ya kamera ni kazi ngumu, bwana."

"Ngumu wapi! Binamu yangu Toribio alikufa bila kufanya mazoezi hata siku moja, na akaifanya vizuri sana."

"Na zile filamu za kuchekesha? Alikuwa daktari!"

"Daktari gani? Anatoka bafuni na taulo, anasema 'Lo, mke wangu!', anarudi bafuni. Udaktari wake ulikuwa wa bafuni tu. Tangu lini mtu akaugua bafuni kila filamu?"

"MIMI NILIMWONA HAPA HAPA!" Cherehani akapiga kaunta, zikaruka glasi. "Ukumbi wa maigizo wa hapa Béjar, mwaka sitini na nane! Alikuja na kundi lao, alikuwa kijana, ana nywele. Akasahau maneno. Basi akatazama juu akasema, 'Naona mvua inakuja.' Watu kimya. Akasahau tena, 'Naona mvua inakuja.' Mara ya tatu, vijana wa kiwandani kule juu wakafungua miavuli!"

"Unatia chumvi, Cherehani."

"Mwavuli mmoja ulikuwa wangu!"

Askofu alicheka mpaka vermut ikampanda puani. "Basi ndiyo maana akaenda televisheni. Kule maneno anaandikiwa kwenye kadi. Debe tupu, bora liandikiwe. Huyo akivaa taji, mawaziri wake kumi watasimama mbele yake, naye atawauliza, kama anavyowauliza watu wa ngazi, 'Unapanda au unakaa?'"

"Acheni dharau," Wakili akasema. "Watu kama nyinyi ndio mnaosababisha sanaa ife. Na simu ikilia leo, nasema mapema, haishiki mtu. Naishika mimi. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana lini?"

"Nani hapa amesoma ensaiklopedia?"

Hapo hata Askofu alirudi kwenye vermut yake, kwa kuwa ilikuwa kweli, kwa kiasi chake. Wakili aliinunua kwenye kioski, juzuu moja kila wiki, mpaka mwenye kioski akastaafu walipofika herufi ya L. Kuanzia A hadi L hakuna kilichomshinda. Kuanzia M dunia yake ilikuwa giza. Siku moja alibishana na mtu saa nzima kwamba Ureno haipo.

Ikagonga saa saba. Televisheni, iliyokaa juu ya friji mgongoni mwa kaunta, ikapiga muziki wa *Ngazi Saba*. Lasheras akateremka na koti lake. Visi aliona amejipaka poda nyingi kuliko kawaida, na chini ya poda macho yalikuwa mekundu. Akatamani kumwambia pole. Mtu wa kwanza akapanda ngazi, akaulizwa mto Volga unamwaga maji wapi.

"V," Wakili akasema kwa masikitiko. "Sijafika."

Bahari ya Kaspi, Visi akasema moyoni, akiisugua glasi.

Simu ya baa ikalia.

Ilikuwa mwisho wa kaunta, upande wa Visi, na kila siku yeye ndiye huipokea. Lakini Wakili alishapaa. Kwa mtu mwenye magoti yale, alipita juu ya viti viwili na mbwa wa jirani. "Punguza televisheni! Punguza!" Askofu akaizima sauti. Wakili akakohoa, akashika tai, akasema kwa sauti ya mahakamani:

"Baa ya El Batán. Aliye hewani ni Eutimio Carrascal, mkazi wa Béjar, raia mwema. Niko tayari."

Akasikiliza. Kisha uso wake ukaanza kushuka, kuanzia nyusi.

Mjue kwamba El Batán ina desturi yake. Mke wa mtu akipiga simu, yule mume huinua kidole kimoja bila kuangalia, na Visi hujibu, "Hayupo, ametoka sasa hivi." Hivyo ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kupika kahawa. Wake wote wa mtaa ule wanajua, na wanapiga hata hivyo. Kwa miaka kumi na tisa Sagrario, mke wa Wakili, alikuwa ameambiwa kwamba mumewe ametoka sasa hivi. Na leo mume mwenyewe alikuwa amejitangaza kwa jina, ukoo na uraia.

"Sagra, mpenzi wangu… Hapana, mpenzi… Nimeingia sasa hivi… Kuomba maji… Ndiyo, dengu… Ndiyo, zinapoa… Hapana, usije na sufuria! Sagra! Sagra!"

Akaweka simu chini kama mtu anayeweka yai.

"Raia mwema," Askofu akasema. "Niko tayari."

"AMESHINDA?" Cherehani akauliza.

"Ameshinda dengu!"

Wakacheka mpaka Cherehani akashikilia kaunta. Wakili akawa anajipepea kwa gazeti, akiapa kwamba mwanamke yule ana pepo la simu, kwamba mtu na akili yake hawezi kupiga simu kwenye nyumba ya watu saa saba, kwamba asifuye mvua imemnyea na yeye leo amelowa mpaka soksi. Hakuna aliyekumbuka televisheni. Hata Visi alikuwa ameipa kisogo, akiokota vijiti vya meno sakafuni, akicheka ndani ya aproni ili wasimwone.

Simu ikalia tena.

"Sipo!" Wakili akainua kidole, kisha viwili, kisha mkono mzima. "Ni yeye! Visi, mwanangu, nakuomba! Nimetoka! Wote tumetoka! Baa imefungwa!"

Visi akainuka, akashika simu.

"Habari za mchana," ikasema sauti ambayo ilikuwa imemfundisha mito, wafalme na metali. "Naomba kuzungumza na Bi Visitación Orejudo."

Na Visi, aliyelisema neno lile mara tano kwa siku kwa miaka minne, akajibu:

"Hayupo. Ametoka sasa hivi."

Askofu ndiye aliyeinua macho. Kwenye televisheni, bila sauti, Lasheras alikuwa amekaa kwenye kiti chake na simu sikioni, karatasi ya oda ya bia mkononi. Askofu akafanya ishara ya msalaba, mara ya kwanza tangu ubatizo.

"Mama wa Mungu. Ni yeye. VISI! Visitación si ni wewe?"

"VISITACIÓN NI NANI?" Cherehani akauliza.

Wakili akaruka kufungua sauti ya televisheni. "Bahati mbaya iliyoje, mabibi na mabwana," Lasheras alikuwa akisema, mle kwenye boksi na mle sikioni mwa Visi kwa pamoja. "Bi Visitación ametoka. Basi tumtafute mwingine." Na Visi akauona mkono wake ukielekea kwenye kapu, taratibu, ukiwa na pete, vidole vikifunguka juu ya barua za watu wengine.

"Amerudi," Visi akasema.

Mkono ukasimama.

"Amerudi sasa hivi. Ni mimi."

Ukumbi wa Madrid ukaangua kicheko, na Lasheras akacheka pia, kicheko ambacho Visi hakuwahi kukiona usoni pake kwa miaka yote minne. "Umekwenda na kurudi haraka, Bi Visitación! Tuanze. Ni kiungo gani mwilini hutengeneza nyongo?"

"Moyo!" Wakili akanong'ona kwa nguvu. "Sema moyo!"

"Ini," Visi akasema.

"Sahihi! Mji mkuu wa Mongolia?"

"M!" Wakili akaziba uso kwa tai. "M, ole wetu, M!"

"Ulan Bator."

"Sahihi! La tatu, na nimeambiwa mji wenu ni mji wa sufu. Zamani sufu ilitiwa rangi nyekundu ya thamani iliyotokana na mdudu. Mdudu huyo huishi kwenye mmea gani?"

Cherehani, aliyekuwa ameitegea televisheni sikio, akawaka. "ILITOKA KWENYE PIPA! Miaka thelathini na minane nilikuwa pale! Hakuna mdudu! PIPA! Mwambie pipa, binti!"

Alikuwa amemkamata Visi mkono. Askofu akamkamata Cherehani. Visi aliwatazama wote watatu, nyuso zao safi zilizonyolewa, midomo yao wazi kama ya vifaranga, kila mmoja na jibu lake.

"Mpungate, ule wa miiba," akasema.

"Sahihi! Sahihi, sahihi, sahihi! Bi Visitación Orejudo wa Béjar anakuja Madrid!"

Muziki ukalia. Cherehani akakaa chini, akilisemasema lile pipa. Wakili alikuwa anatokwa na machozi, na haikujulikana kama ni ya furaha au ya Sagrario. Askofu akagonga glasi yake kwenye kaunta, akaligeukia boksi, akalipa heshima kwa kichwa kama anavyomwinamia mtu mzima.

"Huyo, bwana," akasema, "huenda akaweza ufalme."

Lakini Lasheras hakukata simu. Muziki ulipokwisha alisogea karibu na kamera, na akauliza polepole, kwa namna ile yake ya kumwachia mtu nafasi. "Umeandika hapa kwa penseli, ukafuta. Naona ulipofuta. Niambie, Visitación, mbele ya watu wote hawa: kwa nini unataka kuja?"

Wakili na Askofu wakakaa. Hata mbwa wa jirani alikaa. Visi akazungusha waya wa simu kidoleni, akawatazama wazee wake, na hakupunguza sauti.

"Kwa sababu hapa, Bwana Amadeo, miaka minne nimeyajua majibu yote, na kitu pekee ninachoulizwa ni kama zeituni zina kokwa."